Nami Nimeona

"Nimeona!"

Milembe aliisikia sauti ya baba yake kutoka ng'ambo ya majaruba ya mpunga, akatabasamu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha Mwamanyili, na huo ndio ulikuwa msimu wa ndege wageni, wale wanaokimbia baridi ya Ulaya na kushuka huku kwenye matope ya mpunga. Akainua uso atafute korongo weupe. Angani hamkuwa na kitu.

Akatazama ng'ambo.

Darubini ya baba yake haikuelekea juu. Ilimwelekea yeye. Na mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wa Bundala.

"Bundala, niachie mkono."

"Kwa nini?"

"Baba anatuona."

Bundala akatazama ng'ambo, akamtazama Milembe, kisha akaushika ule mkono vizuri zaidi.

"Nikikuachia sasa ataona nimekuachia. Bora aone nimekushika."

Huyo ndiye Bundala, fundi baiskeli wa stendi ya Lamadi, mwana wa wafugaji wa Sapiwi, mtu aliyejifunza kutunga mashairi kwa kusikiliza redio huku akiziba pancha. Kila baiskeli aliyoitengeneza iliondoka na maneno yake kwenye kizuia matope cha nyuma. Ile ya Milembe aliiandikia: SIRUDI NYUMA. Milembe alikuwa na kibanda cha kupigisha simu hatua chache kutoka kwenye karakana yake, na kwa mwaka mzima waliongea kila siku, mchana kweupe, bila mtu yeyote kuwashuku. Watu walidhani wanagombana. Mara nyingi walikuwa wanagombana kweli.

Kutoka ng'ambo sauti za wanachama zikaja kwa pamoja juu ya maji:

"Umeona nini, Mwenyekiti?"

Darubini haikushuka.

Hapo ndipo Milembe alipobana kicheko. Maana Chama cha Watazama Ndege cha Mwamanyili kilikuwa na kanuni moja kubwa, na aliyeitunga alikuwa baba yake mwenyewe, Mwalimu Magese. Ukisema "Nimeona," lazima utaje ulichoona. Kisha mwingine ashike darubini, atazame pale pale, aseme, "Nami nimeona." Hapo mwenyekiti anapiga kofi, na wote wanapiga. Ndege wa macho ya mtu mmoja hahesabiwi. Na aliyetaja kitu kisichoonwa na mwingine, akakataa kuufuta usemi wake, haruhusiwi kushika darubini ya chama.

Bundala alikuwa hajashika darubini tangu msimu uliopita. Alisema kamwona korongo mwenye pete ya watafiti mguuni. Hakuna mwingine aliyemwona. Mwalimu akamwambia, "Sema hukuona, yaishe." Bundala akasema, "Nilimwona." Tangu siku hiyo alikuja kila matembezi, akatembea nyuma kabisa, akatazama ndege kwa macho matupu kama mtu aliyenyimwa kiti harusini akaamua kucheza amesimama.

"Umeona nini, Mwenyekiti?" sauti zikarudia.

"Korongo," Mwalimu alijibu, na hata kutoka mbali sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemeza mwiba.

Darubini ya pili ilikuwa kwa dada yake, Felisita, mfanyabiashara wa samaki, mwanamke ambaye sauti yake ilizoea kushindana na injini za magari mnadani. Akaiinua. Akatazama. Akaishusha.

"Kaka, huyo korongo wako amevaa kitenge changu!"

Kicheko kikalipuka. Ni kweli, Milembe alikiazima kitenge jana.

"Wako wawili, Mwenyekiti!" Mashimba, mkulima wa mpunga na mchekeshaji wa chama, alipiga kelele. "Na yule dume ana grisi kwenye suruali!"

Simu ya Milembe ikaita. Kwenye kioo pakasomeka: BABA. Mwaka ule mnara wa simu wa Mwamanyili ulikuwa ndiyo kwanza umesimamishwa, na Mwalimu hakuwahi kupiga simu bila kwanza kuvaa miwani. Leo aliipiga hivyo hivyo, amesimama ng'ambo, wanatazamana.

"Haloo, Baba."

"Uko na nani?"

"Baba, si unaniona?"

"Nakuuliza, uko na nani!"

"Na Bundala."

"Njoo huku. Peke yako."

"Tunakuja."

"Nimesema peke yako!"

"Mtandao unakatika, Baba."

Akabonyeza kitufe chekundu. Mtandao ulikuwa umejaa.

Bundala akacheka, lakini Milembe hakucheka. Alikuwa anakitazama kikundi kilichosimama kwenye tuta kubwa kando ya barabara, na ndani yake mtu mmoja aliyevaa kofia mpya ya turubai, amening'iniza shingoni darubini yake mwenyewe. Januarius.

Januarius alikuwa wakala wa kampuni moja ya kununua pamba, katika zile zilizomiminika baada ya soko kufunguliwa, kila moja na gari lake na mizani yake. Huko Dutwa, alikonunua pamba, wakulima walimwita "Bosi" akiwapo na jina jingine akiondoka. Aliingia chamani baada ya kugundua kwamba Mwalimu Magese hakaribishi mtu nyumbani haraka, ila anayependa ndege humkaribisha. Basi akapenda ndege.

Wiki iliyopita alimtumia Milembe ujumbe: "Milembe, nataka kuja kwenu na wazee. Unasemaje?"

Milembe alijibu: "Hapana. Asante."

Ukaja mwingine: "Fikiria kwanza."

"Nimefikiria. Hapana."

Kisha kimya, Milembe akadhani yameisha. Jana jioni Felisita akamwambia kwamba keshokutwa, Jumapili, baada ya ibada, wazee wa Januarius watakuja, na kwamba Mwalimu ameshawakubalia. Na asubuhi hii, alipokuwa akivaa raba, simu ikalia: "Kesho vaa lile gauni nililokuletea. Utapendeza."

"Unajua nitafanya nini?" Bundala alisema wakianza kupita juu ya tuta jembamba. "Nitamwambia baba yako kwa shairi."

"Usithubutu."

"Nimeshalitunga."

"Bundala, baba yangu hataki shairi. Baba yangu anataka heshima."

"Shairi langu lina heshima."

"Mashairi yako yana vina. Heshima sijaiona."

Tuta lilikuwa linateleza. Mara mbili Bundala alikanyaga majini, mara mbili akatoka bila kutazama chini, kidevu juu, kana kwamba matope ndiyo yaliyomkosea. Walipofika, wanachama walikuwa wamejipanga kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Mwalimu Magese alisimama mbele, mrefu, mkavu, darubini ya chama mkononi.

"Mwangaluka, Mwalimu," Bundala alisalimia.

Mwalimu hakuitikia. Na kwa Msukuma kutoitikia salamu ya asubuhi si jambo dogo. Hata Mashimba aliacha kucheka.

"Wewe," alimwambia Bundala, "nilikunyima darubini kwa kusema uongo. Sasa umeamua kuchukua binti?"

"Sijasema uongo, Mwalimu. Na binti hachukuliwi. Si baiskeli."

"Fundi baiskeli ananifundisha mimi!"

"Nifundishe wewe basi. Ila uanze kwa kuitikia salamu."

"Bundala!" Milembe alimvuta shati.

Lakini alikuwa ameshachelewa. Kijana alikwisha kuvuta pumzi, akapeleka mguu mmoja mbele, matope yakimdondoka, akatoa sauti ile anayoitumia stendi:

"Nimetokea Sapiwi, sikuja kuombaomba,
Upendo hauzuiwi, kwa ukuta wala kamba,
Si bubu wala kiziwi, nasema bila kutamba,
Nifukuze, sitolewi, moyo wake ndio shamba!"

"Ehee!" Mashimba alishindwa kujizuia.

"Bila kutamba?" Felisita aliuliza. "Mwanangu, huko ndiko kutamba kwenyewe."

Januarius alipiga makofi mawili ya polepole, ya dharau.

"Vizuri sana. Mwalimu, tuendelee na ndege. Kijana kaimba, tumemsikia, arudi kwenye pampu zake. Mimi na wewe tulishamaliza."

"Mlimaliza nini?" Milembe aliuliza.

"Milembe, haya ni mambo ya wanaume."

"Nimeuliza, mlimaliza nini?"

Mwalimu Magese akajibu yeye, kwa sauti ya chini iliyoficha hasira na aibu pamoja. "Neno langu limetoka. Kesho wazee wanakuja. Sikutaka tuyaseme hapa matopeni. Lakini wewe umeniaibisha mbele ya watu, umeshikana mikono na huyu, na ulishamkubali mwenzake."

"Nilimkubali nani?"

"Januarius."

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia mwenyewe."

"Na mimi je? Mimi nilikwambia?"

Mwalimu akaigeuza darubini mkononi.

"Baba, kila asubuhi nakupelekea chai. Kila asubuhi. Hukuwahi kuniuliza."

"Baba hamuulizi binti yake mambo hayo. Unajua."

"Najua. Anayeuliza ni shangazi." Milembe akageuka. "Shangazi, kaka yako alikutuma uniulize?"

Felisita aliweka mikono kiunoni. Hapo ndipo watu walipoelewa kwamba mama huyu naye alikuwa na lake tangu jana.

"Hakunituma. Nilisikia jana kama anavyosikia mpita njia. Magese, tangu enzi za baba yetu, binti wa nyumba yetu haozwi kabla shangazi yake hajaingia naye jikoni akamuuliza. Mimi niliulizwa hivyo. Dada zako wote waliulizwa hivyo. Wewe umeniruka kwa sababu gani?"

"Kwa sababu alisema binti ameshakubali! Nikuite uulize kitu kilichokwisha jibiwa?"

"Na kweli amekubali," Januarius alisema haraka. "Wasichana wana haya tu. Mbele za watu lazima akane."

Milembe alimtazama. Alikuwa amemwogopa kidogo tangu jana, kwa sababu ya lile gari, na kwa sababu baba alikuwa akiongea naye kama anavyoongea na watu walio sawa naye. Sasa alimtazama kwa karibu, chini ya ile kofia mpya, akaona jasho.

"Hebu turudi kwenye kanuni," alisema.

"Kanuni gani tena?" Mwalimu aliuliza.

"Ya kwako, Baba. Aliyeona peke yake hajaona. Si ndivyo? Januarius amesema, 'Nimeona. Nimeona Milembe amekubali.' Haya. Nani mwingine ameona?"

Yangeyange mmoja aliruka kutoka kwenye jaruba la jirani, na kwa mara ya kwanza tangu chama kianze hakuna aliyemfuata kwa macho.

"Nauliza. Shangazi, umeona?"

"Sijaona."

"Mashimba?"

"Mimi nimeona korongo wenye grisi tu, dada yangu."

"Na mimi mwenyewe, ambaye inasemekana nilikuwepo nikikubali, sijaona." Akatoa simu, akainyoosha kwa baba yake. "Ila kuna nilichokiona. Vaa miwani."

Mwalimu alivaa miwani. Akasoma polepole, midomo ikicheza, kama alivyozoea kusoma daftari za wanafunzi. Akarudia. Kisha akasoma kwa sauti, na wote wakasikia, pamoja na walioegemea baiskeli zao barabarani:

"'Hapana. Asante.' ... 'Nimefikiria. Hapana.'"

Akainua uso.

"Januarius. Huu ujumbe ulikufikia?"

"Mwalimu, hayo ni maneno ya kwenye simu..."

"Nimeuliza, ulikufikia?"

"Ulinifikia. Lakini hapana ya mwanamke..."

"Hapana ya binti yangu unaijua maana yake wewe?" Sauti ya Mwalimu ilipanda. "Miaka yote niliyofundisha shule, mtoto akiandika hapana, nilisoma hapana!"

"Ulinipa neno lako, Mwalimu. Mtu mzima hali matapishi yake. Nimeshawaambia wazee, ng'ombe wameshachaguliwa. Nitawaambia nini?"

"Neno langu nililisimamisha juu ya neno lako. Lako limeanguka. Langu unataka lisimame juu ya nini?"

"Kwa hiyo unaniacha kwa ajili ya huyu? Mwenye matope?"

"Matope wote tunayo," Felisita alisema. "Wewe tu ndiye umebaki pakavu usichafue viatu. Na gauni lako liko kwangu, halijavaliwa. Pita ulichukue."

Januarius aliishika darubini yake. "Hii ni yangu. Si ya chama."

"Nenda nayo," Mashimba alimjibu. "Utazamie wazee wako wakiwa mbali, uwarudishe mapema."

Mlango wa gari ulibamizwa. Gari likawaka, likaondoka kuelekea Lamadi, na vumbi halikupanda kwa sababu ya mvua. Hata hilo Mashimba aliliona. "Angalieni, hata vumbi limekataa kumsindikiza."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa bado ameishika simu ya bintiye.

"Hilo moja limekwisha," alisema. "Usifikiri kumfukuza yule ni kumkaribisha huyu. Huyu kiburi kimemzidi urefu. Hajui kuomba radhi. Kwa korongo mmoja tu amekaa mwaka mzima bila darubini!"

"Ndiyo," Milembe alisema.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo maana namtaka. Wewe ungemtaka mwanaume wa namna gani kwangu, Baba? Anayefuta alichokiona kwa sababu umekunja uso? Huyo keshapanda gari, kaenda."

Bundala alifungua mdomo. Milembe akamwonyesha kidole bila kumtazama.

"Wewe nyamaza. Ushairi wako umetosha. Sasa sema maneno ya kawaida. Mara moja tu, mbele ya chama."

Na Bundala, ambaye alikuwa na kina cha kila kitu, aliishiwa vina. Alivua kofia. Akaikunja. Sauti iliyotoka haikuwa ya stendi.

"Nimeona," alisema.

Hakuna aliyecheka. Kisha Felisita, kwa sauti ya kikao, akauliza kama kanuni inavyotaka:

"Umeona nini?"

"Nimeona mke wangu. Milembe wa Mwalimu Magese. Sijaona mwingine, na hata mkisema sikuona, nimeona."

Wote wakageuka kwa Milembe. Alikuwa anajua kwamba akinyamaza sasa, hata kwa haya, hata kwa heshima ya baba, Bundala angebaki na ndege wa macho ya mtu mmoja kwa mara ya pili. Na kwamba hii safari ndege mwenyewe ndiye yeye. Akasogea hatua moja, akasimama kando yake, raba zake zikizama.

"Nami nimeona," alisema, kwa nguvu, mpaka walio barabarani wakasikia.

Kofi halikulia. Kanuni ilikuwa kwamba la kwanza ni la mwenyekiti.

Mwalimu Magese alisimama. Mkono mmoja ulikuwa na darubini, mwingine simu. Aliwatazama wale wawili. Kisha akamrudishia simu yake.

"Mayu," alimwambia. Tangu awe mkubwa hakuwa amemwita hivyo, mama, kama baba wa Kisukuma anavyomwita binti aliyempendeza. "Nisamehe kwa chai zote zile."

Halafu akamgeukia Bundala. Alikuwa bado amekunja uso.

"Kesho utakuja na wazee wako. Kutoka Sapiwi kwenyewe, si mafundi wenzako wa stendi. Na shangazi yake ataingia naye jikoni kwanza, amuulize. Hata kama tumeshasikia, atamuuliza."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na hakuna mashairi."

Bundala alisita.

"Moja fupi," Milembe alisema.

"Moja fupi," Mwalimu alikubali kwa uchungu. Kisha akainyoosha ile darubini ya chama, kamba yake ikining'inia, mbele ya kifua cha kijana.

"Nishikie."

Bundala alitazama ile darubini. Wanachama wote walijua ni muda gani ulipita mikono ile haijaigusa. Akaipokea kwa mikono yote miwili.

"Usifikiri nimesahau," Mwalimu alisema huku akijifuta viganja kwenye suruali. "Yule korongo mwenye pete hukumwona."

"Nilimwona, Mwalimu."

"Hukumwona!"

"Nilimwona."

Mzee alimtazama, akatikisa kichwa, akamtazama binti yake aliyekuwa ameshindwa kabisa kuficha meno. Kisha, kwa kuwa sasa mikono yake ilikuwa mitupu, akapiga kofi.